Kigoda, Rupia na Nyundo ya Dalali

Katika makumbusho ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kijijini Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule aliofariki dunia mwenyewe, vimehifadhiwa vitu ambavyo, lau vingetandazwa juu ya turubai katika mnada wowote wa mashambani, pasiwe na mtu wa kusema vimetoka kwa nani, vyote pamoja visingefikia bei ya mbuzi: nguo na viatu vilivyokwisha kuvaliwa, redio iliyochakaa, vigoda vya kuchongwa, ngao, na karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Hata hivyo hakuna mwenye akili timamu ambaye angethubutu kunena kuwa thamani ya vitu hivyo ni mbuzi. Tofauti iliyopo baina ya bei hizo mbili, ile ya turubai na ile ya kabati la kioo, ndiyo muradi wa makala haya; kwani biashara nzima ya samani za kale na tunu za zamani, kutoka kumbi za London hata uwanja wa Darajani kule Unguja, inaishi ndani ya tofauti hiyo.

Mnada si jambo geni katika mkoa wa Mara, kilipo kijiji hicho cha Butiama. Mtu aliyekulia Bunda, au Kiabakari, au kandokando ya mji wa Musoma, anaujua tangu utotoni kwa vumbi lake na makelele yake: ng'ombe wamekusanywa upande mmoja, mitumba imerundikwa upande wa pili, nyama inachomwa kando, na dalali, mwenye sauti isiyokauka tangu asubuhi, ananadi kila kitu kuanzia mabati hata masufuria. Mnunuzi wa ng'ombe katika mnada huo ni mwanachuoni wa fani yake. Hutazama meno, nundu, kwato na mwendo, akakadiria umri wa fahali bila ya kuuliza mtu, na dalali hathubutu kumdanganya. Lakini mtu huyohuyo, ukimwekea mbele yake kigoda alichokalia babu yake, hawezi kukwambia kama kina miaka 30 au 130, wala hajui mahali pa kutazama. Na kwa kuwa hajui, atakitoa kwa mpita njia wa kwanza atakayemtajia elfu chache.

Iko na minada ya namna nyingine ambayo huwatoa watu majumbani kwa huzuni au kwa tamaa. Ofisi za serikali huuza mali zao chakavu, na humo, katikati ya magurudumu na mashine za kupigia chapa zilizokufa, hujitokeza mara kwa mara meza ya mvule au kiti cha mninga cha enzi za Mwingereza, kilichotengenezwa kwa ajili ya nyumba ya Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, kikauzwa kwa bei ya kuni. Madalali wa mahakama nao huuza mali za wadaiwa, ijapokuwa sheria ya mwenendo wa madai imeweka huruma ndani yake: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto wake havikamatwi. Kwa hiyo kabati hupelekwa mnadani, saa ya ukutani hupelekwa, lakini kitanda cha mdaiwa hubaki palepale kilipo, hata kama ni samadari yenye nakshi iliyopita bei ya nyumba.

Mnada wa vitu vya kale, kama unavyofanywa katika miji mikubwa ya Ulaya, una taratibu zilizokwisha kuzeeka. Sotheby's ilianza London mwaka 1744, na Christie's mwaka 1766, na kanuni zao zimekuwa kiigizo cha kumbi nyingi duniani. Kabla ya siku ya mnada huchapishwa orodha yenye picha na maelezo ya kila kitu, pamoja na makadirio ya bei, ya chini na ya juu. Watu hupewa siku za kuja kuvitazama vitu, kuvigeuza, kuvimulika kwa taa na kuvinusa. Na muuzaji na mnadi hukubaliana kwa siri juu ya kima ambacho kitu hakitauzwa chini yake. Siku ikifika, mnadi hupanda jukwaani, akaanzia bei ya chini kidogo ili kuamsha tamaa, akaipandisha hatua kwa hatua mpaka mkono wa mwisho unapobaki peke yake, na hapo nyundo hupigwa. Mgeni wa kumbi hizo hushangaa baadaye anapoletewa hesabu, kwani juu ya bei ya nyundo huongezwa ada ya ukumbi, ambayo katika nyumba kubwa hukaribia robo ya bei au kuizidi, na juu ya ada hiyo huja kodi na gharama za kusafirisha.

Nyundo haipandishwi na uzuri wa kitu bali na watu wawili wanaokitaka kwa wakati mmoja. Mpenzi mmoja, hata awe tajiri wa namna gani, atakipata kiti kwa kima cha chini. Wakiwapo wawili wenye chuki kidogo baina yao, kiti hichohicho kitavuka makadirio mara tano. Kwa sababu hiyo bei ya mnadani si ushahidi wa thamani, ni habari ya mchana mmoja, na mtu anayesoma gazetini kwamba kiti cha Kiafrika kimeuzwa kwa maelfu ya pauni asikimbilie kukadiria utajiri wa nyumba yake kwa habari hiyo.

Wafanyabiashara wa fani hii wamezoea kuita cha kale kile kilichotimiza miaka 100, na vilivyo chini ya hapo huviita vya zamani tu, ingawa vya zamani navyo vina wapenzi wao na aghalabu hununuliwa kwa pupa kubwa zaidi, maana watu hupenda kununua utoto wao. Katika pwani yetu kilele cha samani za kale ni kiti cha enzi, kile cha mpingo, kirefu cha mgongo, chenye pembe za mraba na nakshi za pembe ya ndovu, kikasukwa kwa uzi mgongoni na mahali pa kukalia, na mbele yake kikawa na kibao cha kuegemezea miguu. Viti hivyo vilikaa katika nyumba za mabwana wa Lamu, Pate, Mombasa na Unguja, vikisubiri mgeni wa heshima. Chini yake kwa hadhi huja makasha yaliyopigwa misumari ya shaba, mengi yakiwa yameletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, kisha samadari, kisha milango ya nakshi. Na mnada wa Darajani, Unguja, ambako kabati la bibi aliyefariki hunadiwa pamoja na baiskeli na vyombo vya kaure, umewapa wachuuzi wa samani za kale mali nyingi walizokwenda kuziuza kwa wageni mara kumi ya bei waliyonunulia.

Mara haikuwa na viti vya enzi vya pembe za ndovu, lakini ilikuwa na vigoda. Chifu Burito wa Wazanaki, baba yake Mwalimu, aliyefariki mwaka 1942, alitawala katika nchi ambayo kukalia kigoda hakukuwa starehe ya miguu bali dalili ya daraja. Mzee hukalia kigoda chake, kijana hukaa chini au juu ya jiwe, na kigoda cha marehemu hakikaliwi na yeyote tu. Kwa majirani, upande wa Ikizu katika wilaya ya Bunda, utawala ulifungamana na mvua, na mapokeo yao humtaja mwanamke, Nyakinywa, kuwa asili ya watemi wao wa mvua. Ng'ambo ya maji, ukivuka kutoka Kisorya kwenda Ukerewe, mafundi wa Kikerewe walichonga sanamu na viti ambavyo leo vimetawanyika katika makumbusho ya Ulaya. Na mbali zaidi kusini, katika nchi ya Wanyamwezi, kulikuwako kiti cha mtemi wa Buruli, chenye mgongo mrefu uliochongwa umbo la mtu, ambacho kilikwisha kufika Berlin kabla karne ya kumi na tisa haijamalizika, na hadi leo hutajwa na wajuzi miongoni mwa viti mashuhuri vya Afrika nzima.

Sasa tazama lililotokea mwaka 1963. Serikali mpya ya Tanganyika, iliyoongozwa na mtoto wa chifu, ilifuta kwa sheria mamlaka ya machifu wote. Kisiasa jambo hilo lilikuwa na hoja zake, na sina nia ya kuzirejea hapa. Lakini kwa upande wa vitu, natija yake haikuandikwa popote. Vigoda, ngoma, mikuki ya enzi na vikuku vilivyokuwa amana ya cheo vilibaki bila ya cheo, na kwa usiku mmoja vikageuka kuwa mali ya yule aliyekuwa navyo nyumbani. Baadhi vilitunzwa na koo, baadhi vikafukiwa pamoja na wenyewe, na baadhi vikaanza safari ndefu ya mkono kwa mkono ambayo mwisho wake ni orodha yenye picha katika mji wa mbali, ambako chini ya picha huandikwa maneno machache makavu: kiti, Tanzania, mbao, karne ya ishirini. Halijaandikwa jina la kijiji, wala la ukoo, wala la fundi. Hayo ndiyo maandishi yanayoniudhi kuliko bei yoyote, kwa kuwa wakati kigoda hicho kilipotoka nyumbani alikuwako bibi mmoja, yamkini zaidi ya mmoja, aliyeweza kuyataja yote matatu bila ya kufikiri.

Sababu ya kuudhika kwangu si ya moyo peke yake, bali ni ya hesabu pia. Katika biashara hii nasaba ya kitu, yaani silsila ya watu waliokimiliki tangu kilipotoka mkononi mwa fundi, ndiyo hufanya bei. Vigoda viwili vya mti mmoja, vya fundi mmoja, vikiletwa mnadani siku moja, kimoja kikiwa na barua ya mwaka 1950 na picha ya mzee aliyekikalia, na kingine kikiwa hakina neno, cha kwanza huuzwa mara nyingi ya cha pili. Leo, baada ya kashfa nyingi za wizi, kisicho na nasaba hukataliwa hata mlangoni mwa nyumba za mnada za heshima. Basi mtu anayemnunulia bibi kigoda bila ya kumwuliza habari zake anajinyima nusu ya mali aliyokuja kuitafuta, na anamnyima bibi yote.

Mkondo wa pili wa samani za zamani katika mkoa huu ulipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi. Musoma ilikuwa bandari ya meli za ziwani, na mbele ya maduka yake palipimwa pamba, ngozi na samli, na nyuma ya maduka, katika vyumba vya familia, mlikuwamo makabati ya mvule yenye vioo, meza za msaji, bembea za ukumbini, saa za ukutani na vyombo vya shaba. Azimio la Arusha la mwaka 1967, na baada yake sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majumba yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, viliwafanya wengi wao katika Tanzania yote wafunge safari za kwenda Uingereza, Kanada na kwingineko. Anayehama kwa meli na ndege hachukui kabati. Samani hizo ziliuzwa kwa majirani, kwa wachuuzi wa mitumba, kwa watumishi wa nyumbani, na ndiyo maana hata sasa katika nyumba ya udongo isiyo na umeme unaweza kukuta kabati ambalo milango yake imeungwa bila ya msumari mmoja, limejaa daftari za shule na unga.

Pamoja nazo ziliachwa cherehani. Singer za miguu zilizotengenezwa katika kiwanda cha Clydebank, Uskochi, kilichofungwa mwaka 1980, ziko katika kila mji wa mkoa huu, na nyingi zingali zikishona sare za shule. Namba iliyopigwa kwenye chuma chake hutosha kumwambia mjuzi mwaka iliyotengenezwa, na hiyo ni neema ambayo kigoda hakina. Lakini kwa kuwa zilitengenezwa kwa mamilioni, bei yake katika minada ya dunia ni ndogo, na fundi wa Nyasho, mjini Musoma, anayeitumia kila siku anapata faida kubwa kuliko atakayeiuza kama pambo. Kulitokea kichekesho mwaka 2009 huko Saudi Arabia, pale uvumi ulipoenea kwamba ndani ya Singer za zamani mna zebaki nyekundu yenye thamani kuliko dhahabu, na kwamba ukiisogeza simu ya mkononi karibu na sindano, mawasiliano yakikatika, basi zebaki imo. Watu walilipa makumi ya maelfu ya riyali kwa cherehani chakavu mpaka serikali ilipotangaza kuwa hapana kitu.

Tusiwacheke sana, maana nasi tuna wetu. Hakuna wilaya katika Tanzania Bara isiyo na kilima ambacho inasemekana Mjerumani alifukia mali yake alipokimbia vita, na hakuna mwaka unaopita pasiwe na watu wanaochimba usiku kwa ramani ya kughushi wakitafuta rupia. Wanaochimba hawaijui hata hiyo rupia yenyewe, na habari zake za kweli ni tamu kuliko ngano. Sarafu za fedha zenye sura ya Kaisari Wilhelm II zilianza kutolewa mwaka 1890 na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Rupia moja ilikuwa pesa 64, na kuanzia mwaka 1904 ikagawanywa heller 100. Vita Kuu ilipofunga bahari, koloni likakaukiwa sarafu, na mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha. Humo zilipigwa heller 20 za shaba kwa wingi mno, na humo pia, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zilipigwa rupia 15 zenye picha ya tembo akiinua mkonga mbele ya mlima. Idadi ya rupia hizo za dhahabu inajulikana kwa ukamilifu: 16,198.

Idadi hiyo ndiyo siri yake. Rupia ya Tabora ya dhahabu ikipanda mnadani huuzwa kwa maelfu ya dola, ilhali heller 20 iliyopigwa mwaka huohuo, katika karakana hiyohiyo, na mikono ileile, hununuliwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo, na iliyolika haipati hata hiyo. Mzee wa Butiama mwenye kibuyu cha heller za baba yake ana ukumbusho mzuri, utajiri hana. Kwa dhahabu, kwa upande mwingine, walaghai hawakulala: rupia 15 za bandia zilizopakwa rangi ya dhahabu zinazunguka kwa wingi, na mizani ya sonara huzifichua mara moja, kwa kuwa ya kweli ina uzito wa gramu 7 na kitu kidogo, na ya uongo aghalabu ni nyepesi. Kadhalika usiisugue sarafu ya zamani kwa majivu wala ndimu ili ing'ae. Weusi wake ni ithibati ya umri, na anayeuondoa huondoa pamoja nao sehemu kubwa ya bei.

Hata fedha za taifa zimeanza kuingia katika hesabu ya wakusanyaji: sarafu za kwanza za Tanzania za mwaka 1966 zenye sura ya Mwalimu, na zile za mwaka 1974 zilizotolewa kwa ajili ya hifadhi ya wanyama, ya shilingi 25 yenye twiga, ya 50 yenye kifaru, na ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma. Zile za shilingi 25 na 50 ni za fedha. Zote tatu hazikutolewa kwa ajili ya kununulia chumvi dukani, na kwa hiyo hazikuchakaa.

Kabla mtu hajapakia kitu chochote kwenye gari, yampasa aijue sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa kwa mkono wa mwanadamu kabla ya mwaka 1863. Inalinda vilevile vyombo vya mila vilivyofanywa baada ya hapo, na milango na miimo ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Kuvitoa nje ya nchi bila ya kibali ni kosa. Na kwa watu wa Bunda, ambao lango la Ndabaka la Serengeti liko mlangoni mwao, kuna jambo la pili lenye hatari zaidi: kigoda kilichofunikwa ngozi ya mnyama pori, usinga, pembe, kucha na ngozi ya chui iliyoachwa na babu huhesabiwa kuwa nyara za serikali, na asiye na hati ya umiliki hawezi kujitetea kwa kusema ni mirathi. Pembe za ndovu ndizo zenye mlolongo mrefu kuliko vyote. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na Uingereza ikaongeza sheria yake kali iliyoanza kutumika mwaka 2022, hata kiti cha enzi cha Lamu chenye vipande vidogo vya pembe hakipandi tena jukwaani London bila ya karatasi.

Kama kuna mtu anayedhani kuwa nasaba ni neno la wasomi, asikilize habari za kinyago cha Kimakonde. Mwaka 1984 wezi waliingia Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam wakachukua vitu kadhaa, kikiwamo kinyago kimoja cha aina ya lipiko. Mwaka uliofuata kilinunuliwa Paris kwa ajili ya makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na kikakaa huko, kikionekana na kusifiwa, mpaka mtafiti mmoja wa Kiitalia alipokitambua mwaka 1990. Hata baada ya kutambuliwa, kurudi kwake kulichukua miaka 20: makubaliano yalitiwa saini Paris mwezi wa Mei 2010. Kilichomwezesha Mtanzania kudai haki yake ni kwamba kinyago hicho kilikuwa kimeandikwa katika daftari za makumbusho kabla ya kuibwa. Kigoda kilichoibwa nyumbani kwa mtu kijijini Nyamuswa au Buhemba, huku kwetu Mara, hakina daftari la kukitetea, na aliyenacho Brussels anaweza kula kiapo kwamba alikinunua kwa njia ya halali, na asiwe anasema uongo.

Na umri wa kigoda hutazamwaje? Kigeuze kwanza. Juu kinaweza kusuguliwa na kupakwa, lakini chini watu huwa hawakumbuki. Kigoda cha kweli huchongwa kwa tezo kutoka gogo moja, miguu na kikalio pamoja, na chini ya kikalio alama za tezo hubakia, fupi, zisizolingana, zikifuata mkono wa fundi; alama ndefu zilizonyooka ni za msumeno. Kikalio kilichokaliwa kwa miaka 60 hubonyea katikati na kung'aa mahali pale tu mwili unapogusa, na ukingo wake hulainika zaidi upande ambao mwenyewe alizoea kukishika akikibeba kwenda kilabuni au barazani. Miguu huliwa kwa chini, na hailiwi sawasawa. Nyufa za kweli hufuata nyuzi za mti na ndani yake mmejaa uchafu wa miaka, ilhali nyufa za bandia zilizotokana na kukausha gogo bichi juani ni safi ndani kama kidonda kipya. Kisha kinuse: moshi wa jikoni hauna hila, lakini dawa ya viatu, mafuta ya gari na samadi, ambavyo ndivyo vitu vya kughushia uzee, hujitangaza vyenyewe siku ya joto.

Kwa kabati na kasha, vuta mtoto wa meza utazame pembeni. Maungio yaliyokatwa kwa mkono hutofautiana kidogo moja na jingine, ya mashine hufanana yote. Parafujo za kale hazina ncha kali. Mbao ya nyuma, ambayo fundi hakutarajia ionekane, iwe na rangi ya hewa na wakati, isiwe nyeupe. Na ukikuta mtu ameipiga vanishi mpya samani ya mvule ya miaka 80 ili kuipendezesha kabla ya kuiuza, punguza bei uliyokusudia. Naye akikuuliza sababu, mwambie.

Liko na bao. Mwalimu alikuwa mchezaji wake mashuhuri, na bao la kale lenye mashimo yaliyolainishwa na kete za vizazi vitatu ni chombo kinachotakiwa na wakusanyaji wa ng'ambo, kwa kuwa ni samani, ni mchezo, na ni uchongaji kwa pamoja. Katika mkoa wa Mara mabao hayo hayajaisha. Yako chini ya miembe, yananyeshewa mvua, na wenyewe wanayacheza.

Ukumbi wa kunadi vitu vya kale haupo Musoma, wala Mwanza, na anayetaka kuuza kwa heshima hana budi kuanzia kwa watu wa Idara ya Mambo ya Kale na wa makumbusho, ambao hapa mkoani wamekaa Butiama. Akienda huko achukue picha ya kitu, achukue na mtu mzima wa ukoo anayejua kilitoka kwa nani, kilichongwa na nani na kwa mti gani, na maneno yake yaandikwe, yatiwe tarehe, na karatasi ibandikwe chini ya kikalio kwa gundi isiyoharibu mbao. Pengine baada ya kuyasikia maneno hayo familia itakataa kuuza, na hilo limekwisha kutokea zaidi ya mara moja, dalali akarudi mjini mikono mitupu akilalamikia nauli yake.